Maneno Yaliyokatazwa Barazani

(Haya ni maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwaka wa tawi. Halmashauri imeomba yapigwe chapa katika gazeti letu ili wenzetu waliokuwa zamu siku ile wayasome.)



Halmashauri ilituomba tuseme kidogo juu ya adabu ya kusema katika mikutano, kwa sababu mkutano wetu wa mwaka uliopita haujasahauliwa na mtu, na wako wanaoogopa kwamba hata huu utakwisha kwa kusukumana mlangoni. Sisi si watu wa elimu kubwa. Tulisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, na huko tulifundishwa kuvua kofia kwanza na kueleza shida baadaye. Lakini kazi yetu ya kupanga na kuunganisha mabehewa imetufundisha jambo ambalo mwalimu hakutufundisha. Kule uwanjani, usiku, mvua ikinyesha, mtu akisema "njoo" mahali pa kusema "simama", mwenzake aliye kati ya mabehewa mawili ataumia. Kwa hiyo habari ya maneno tumeichukua kama tunavyochukua habari ya taa na bendera.

Tumetafuta kwanza habari za Bunge la Uingereza. Mtu asituulize kwa nini tumekwenda mbali hivyo. Desturi tunazozitumia humu, yaani kusimama kabla ya kusema, kumwelekea mwenyekiti, kutoa hoja na kuungwa mkono, zilitoka huko. Zililetwa katika Baraza la Kutunga Sheria ambalo lilikaa mara ya kwanza hapa Kenya mwaka 1907, na baadaye zikaingia katika vyama vyetu. Tumevaa koti lililoshonwa na mtu mwingine, basi inafaa tujue alilishona kwa ajili gani.

Katika Bunge lile mjumbe haruhusiwi kumwambia mwenzake "wewe". Humwambia Spika, na akimtaja mwenzake husema "Mheshimiwa mjumbe wa mahali fulani". Chini kwenye zulia ipo mistari miwili myekundu, mmoja mbele ya viti vya serikali na mmoja mbele ya viti vya wapinzani, na mjumbe anayesema hana ruhusa ya kuuvuka mstari wake. Husimuliwa kwamba nafasi iliyoko katikati ni urefu wa panga mbili za vita, ili mtu akikasirika asimfikie mwenzake. Tunaona wale wazee waliijua tabia ya binadamu. Mtu huanza kwa ulimi, na mkono hufuata.

Watu wengi hufikiri kwamba iko orodha ya matusi imebandikwa ukutani. Haiko. Spika hulisikiliza neno, na jinsi lilivyosemwa, na wakati wake, kisha huamua. Walakini yako maneno yaliyokwisha kukataliwa: mwoga, msaliti, panya, nguruwe, mhuni na mengine ya namna hiyo. Na neno linalokatazwa kupita yote ni neno ambalo huku kwetu tunalisikia kila siku sokoni, neno "mwongo". Mjumbe hawezi kusema katika mazungumzo ya kawaida kwamba mwenzake amesema uongo kwa kusudi. Akitaka kumshtaki hivyo, ni lazima alete hoja ya peke yake, iandikwe, na jambo hilo lizungumzwe mbali na mengine. Tafadhali likumbukeni jambo hili la hoja ya peke yake, maana tutalirudia.

Sababu ya katazo hilo si mbaya. Watu wakisha kuitana waongo hawasikilizani tena, na kazi iliyowaleta barazani hulala.

Alikuwako mjumbe mmoja jina lake Dennis Skinner, mtu wetu kabisa, aliyechimba makaa ya mawe kwa miaka kama 20 kabla ya kuchaguliwa mwaka 1970, akakaa Bungeni mpaka mwaka 2019. Huyu alitolewa nje mara zisizopungua kumi. Mwaka 1984 alimtaja mjumbe mwingine, David Owen, kwa maneno mawili pamoja: la kwanza la kusema kwamba ana majivuno, na la pili tusi la mtaani ambalo hatutalifasiri mbele ya akina mama. Akaambiwa aliondoe neno lake. Skinner akajibu kwamba yuko tayari kuliondoa lile la majivuno. Tena mwezi wa Aprili 2016, katika mazungumzo juu ya kodi na fedha za jamaa ya Waziri Mkuu David Cameron, alimpachika Waziri Mkuu jina la utani lenye maana ya mtu asiyeaminika. Spika akamwambia alifute. Akalirudia. Akatolewa mpaka siku ile ikaisha.

Tulipowasimulia wenzetu habari hii wakati wa chakula walicheka mpaka chai ikamwagika, na mmoja akasema, "Huyo ndiye mwanamume!" Sisi tunamheshimu Skinner. Lakini tuseme kweli, mjumbe akitolewa nje, watu wa kwao hawana mdomo siku hiyo. Yeye anakwenda kunywa chai, na wale mabwana wanaobaki ndani wanapiga kura.

Sasa tazameni upande wa pili, upande wa maneno safi. Mwaka 1904 wenye migodi ya dhahabu ya Transvaal, Afrika Kusini, walianza kuleta vibarua kutoka China, na kabla mambo hayo hayajakwisha vibarua hao walikuwa wamepita 60,000. Walifungwa kwa mkataba wa miaka mitatu, wakakaa katika kambi ambazo hawakuweza kutoka bila cheti, na wako waliochapwa viboko. Watu wa Uingereza waliuita mpango huo utumwa, na kelele hizo zilisaidia kukiangusha chama kilichoukubali mpango huo katika uchaguzi wa mwaka 1906. Wale walioshinda ndio waliokaa katika viti vya serikali, na mwezi wa Februari 1906 waziri mdogo wa makoloni, Winston Churchill, akasimama kueleza kwamba mkataba ule hauwezi kuitwa utumwa kwa maana kamili ya neno bila hatari ya kukosea istilahi. Kwa Kiingereza maneno aliyoyatumia ni marefu na ya kisomi sana, na tangu siku ile waheshimiwa wa huko huyatumia kwa mzaha wakitaka kusema "uongo" bila kulitaja jina lake.

Vitabu husimulia habari hii kama kichekesho cha mtu hodari wa maneno. Sisi tulipoisoma hatukucheka sana. Sisi tumetoka katika ukoo wa kazi za mkataba. Reli hii ya kutoka Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1896, ilijengwa na vibarua wa mkataba karibu 32,000 walioletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa katika kazi hiyo. Kwa hiyo tulipomsikia bwana mkubwa akipima kama neno "utumwa" limetumiwa kwa usahihi, tulimfikiria yule kibarua aliye ndani ya kambi, ambaye bila shaka angependa kwanza mlango ufunguliwe, na habari ya neno ifuate baadaye.

Hapa tuseme kidogo juu ya Kiswahili chetu. Mwaka 1974 Kiswahili kiliingia katika Bunge la Kenya kwa agizo la Mzee Jomo Kenyatta, na Katiba ya mwaka 2010 imekiweka kuwa lugha mojawapo ya Bunge pamoja na Kiingereza na lugha ya ishara. Tunafikiri Spika yeyote anayesimamia mazungumzo ya Kiswahili ana kazi ngumu. Kiswahili kina milango mingi. Mtu asiyetaka kusema "mwongo" atasema "mheshimiwa ametia chumvi", au "ulimi umemteleza", au "ametuzungusha", au "hayo aliyoyasema hatukuyaona sisi". Na watu wa pwani, ambao kina mama wao hujibizana kwa maandishi ya leso bila kufungua mdomo, wakiamua kumtukana mtu kwa methali, Spika atashika wapi? Methali haina mwenyewe. Mtu atasema, "Bwana Spika, nimewataja kuku na kanga tu, sikumtaja waziri."

Basi lugha safi peke yake haituonyeshi nani mkweli. Hilo lilionekana wazi katika Bunge lile lile la Uingereza hivi karibuni.

Tarehe 22 Julai 2021 mjumbe mmoja, Bi. Dawn Butler, ambaye zamani alikuwa mtumishi wa chama cha wafanya kazi, alisema Bungeni kwamba Waziri Mkuu Boris Johnson amelidanganya Bunge na nchi mara nyingi. Aliyekuwa kitini, naye ni mwanamke, akamwambia ayafikirie maneno yake na kuyaondoa. Bi. Butler akajibu kwamba ni jambo la ajabu mtu kupata taabu kwa kutaja uongo kuliko yule aliyeusema. Akaamriwa atoke, akatoka. Miezi sita baadaye, tarehe 31 Januari 2022, jambo likarudi. Kiongozi wa wajumbe wa chama cha Scotland, Ian Blackford, alisema Waziri Mkuu amelipotosha Bunge juu ya karamu zilizofanywa katika nyumba ya serikali wakati wa ugonjwa wa korona, wakati watu wa kawaida walikatazwa hata kukusanyika kuzika jamaa zao kwa wingi. Spika akampa njia ya kutokea. Alimtaka akubali kwamba Waziri Mkuu amepotosha "bila kukusudia". Neno hilo moja tu, angeliongeza, angekaa. Blackford akakataa, akaondoka.

Ndugu, litazameni neno hilo "bila kukusudia". Mtu anaambiwa kwamba ili asikilizwe ni lazima aseme jambo ambalo yeye haliamini. Yaani ili asimwite mwenzake mwongo, inambidi yeye mwenyewe aseme uongo kidogo.

Na mwisho wake ulikuwa nini? Halmashauri ya Bunge inayoangalia heshima ya Bunge ilichukua zaidi ya mwaka kuchungulia makaratasi na kuwauliza mashahidi, na tarehe 15 Juni 2023 ikatoa taarifa kwamba Johnson alilipotosha Bunge kwa kusudi. Ilisema kama angalikuwa bado mjumbe angalistahili kufungiwa siku 90, lakini alikuwa amekwisha kujiuzulu siku chache kabla. Tarehe 19 Juni Bunge likaikubali taarifa hiyo kwa kura 354 dhidi ya 7. Kwa hiyo wale wawili waliotoka nje walikuwa wamesema kweli, na aliyebaki ndani siku zile ndiye aliyekosa.

Wako watakaosema, basi katazo lile ni upuuzi, lifutwe. Sisi hatukubali. Angalieni vizuri kilichomshinda Johnson. Hakushindwa na neno la Bi. Butler peke yake. Alishindwa na ile njia ya pili tuliyowaomba mkumbuke, yaani jambo la peke yake, lenye makaratasi na mashahidi na watu waliochaguliwa kulichungulia. Katazo la neno lina haki ya kuwako mahali palipo na njia hiyo. Mahali ambapo njia hiyo haiko, au imefungwa, katazo hugeuka kuwa kufuli mdomoni.

Tena si kila mara neno ndilo linaloudhi. Mara nyingine ni jambo lenyewe, hata likisemwa kwa Kiingereza cha kanisani. Tarehe 23 Juni 1894 mgodi wa makaa ya mawe wa Albion, huko Cilfynydd katika nchi ya Wales, ulilipuka, wakafa wanaume na vijana 290. Siku ile ile alizaliwa mtoto katika jamaa ya kifalme, ambaye baadaye alikuwa mfalme Edward wa Nane. Bunge likaleta hoja ya kumpongeza Malkia. Mjumbe Keir Hardie, aliyeanza kazi ya mgodini akiwa mtoto wa miaka kumi, aliomba iongezwe salamu ya rambirambi kwa wajane wa Wales. Ikakataliwa. Ndipo aliposimama kuipinga hoja ya pongezi, na wajumbe wakapiga kelele kama watu wanaofukuza fisi. Hardie hakutukana. Kosa lake lilikuwa kutaja maiti wa wafanya kazi siku ya sherehe ya wakubwa.

Na hapa kwetu, mwezi wa Juni 1958, mwaka mmoja baada ya Waafrika kuchagua wajumbe wao wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, Oginga Odinga alisimama barazani akasema kwamba Kenyatta na wenzake waliokuwa kifungoni bado ni viongozi katika mioyo ya watu. Kelele zilizopigwa siku ile zilikuwa kubwa, na hata baadhi ya rafiki zake waliogopa. Neno baya lilikuwa lipi? Lilikuwa jina la mtu. Miaka mitano na nusu baadaye jina hilo lilikuwa juu ya kila ukuta wa Nairobi.

Lakini tusijisifu kana kwamba tulipopata Bunge letu wenyewe mambo yalinyooka. Tarehe 9 Oktoba 1975 mjumbe Martin Shikuku alisema kwamba wako watu wanaotaka kuliua Bunge kama walivyokiua chama cha KANU. Wenzake wakasimama kumtaka athibitishe. Aliyekuwa kitini ni Naibu wa Spika, Jean-Marie Seroney, naye akatoa uamuzi kwamba jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Siku sita baadaye askari waliwachukua wote wawili hapo hapo Bungeni, wakawekwa kizuizini bila kesi mpaka mwezi wa Desemba 1978. Tunataja habari hii kwa kuwa desturi ya kumwambia mtu "thibitisha" ni desturi njema, na mpaka leo imo katika kanuni za Bunge letu. Mjumbe akisema jambo anaweza kutakiwa alete ushahidi papo hapo, au apewe nafasi aulete kikao kinachofuata. Lakini siku ile wale walioitaka hawakuutaka ushahidi. Walitaka mdomo ufungwe.

Sasa turudi katika chumba hiki.

Mfuko wetu wa mazishi mnaujua. Kila mwanachama hutoa shilingi 50 kwa mwezi, na mwanachama akifa, watu wake hupewa shilingi 30,000. Ndugu yetu mmoja wa genge la kutengeneza njia, ambaye hatutamtaja jina kwa kuwa hayuko hapa kujibu, alisimama katika mkutano wa mwezi wa tatu mwaka uliopita akasema, "Bwana Mwenyekiti, tungependa kukiona kitabu cha mfuko." Akajibiwa kwamba kitabu kiko kwa mkaguzi. Mwezi wa sita akasimama tena. Akaambiwa kitabu kinaandikwa upya kwa sababu cha kwanza kililowa. Mwezi wa tisa akaandika barua. Barua hiyo tumeiona, Katibu anayo. Ina "tafadhali" mbili, na mwishoni imeandikwa "ni mimi ndugu yenu mtiifu". Haikujibiwa.

Mkutano wa mwaka ulipofika alisimama, akamwonyesha mweka hazina kidole, akasema, "Huyu mtu ni mwizi."

Yaliyofuata mnayakumbuka. Mwenyekiti alimwambia, "Ondoa neno hilo." Yeye akasema, "Nitaliondoa nikikiona kitabu." Vijana wawili wakamshika mikono wakamtoa, na shati lake likapasuka. Na sisi tuliobaki tukapiga makofi. Kisha tukazungumza juu ya adabu kwa saa moja na nusu. Kila mtu alikuwa na la kusema juu ya adabu. Tukapitisha hoja kwamba asihudhurie mikutano kwa mwaka mzima. Halafu muda ukawa umekwisha, tukanywa soda, tukaenda zetu. Hakuna mtu hata mmoja aliyeuliza kitabu kiko wapi.

Miezi minne baadaye alikufa mwenzetu wa kituo cha tatu, mnamjua, aliyekuwa na kikohozi. Mke wake alikuja na mtoto mgongoni kuchukua fedha za mazishi. Katika mfuko zilikutwa shilingi 11,200. Ikabidi tupitishe kofia karakanani na uwanjani, na maiti ikakaa siku sita zaidi huku deni la mahali ilipolazwa likiongezeka. Yule ndugu tuliyemtoa nje alisikia habari, akatuma shilingi 500 kwa simu. Alikuwa hana lazima ya kutoa kitu.

Ndipo kitabu kilipofunguliwa. Na hapa, ndugu zetu, tunaomba mtusikilize bila kupiga kelele. Mweka hazina hakuzila fedha zile. Alikuwa akiwakopesha wanachama bila kuandika kitabuni, kwa vikaratasi tu, kwa sababu ni mtu mpole asiyeweza kumwambia mwenzake hapana. Vikaratasi vilikuwa 14. Na sisi tunaosema mbele yenu sasa tulikuwa na kikaratasi chetu humo, cha shilingi 4,000, tulizochukua kwa karo ya mtoto. Siku ile mwenzetu alipotolewa nje tulipiga makofi kwa nguvu kuliko wengi. Tulijua kwa nini tunapiga. Kila dakika iliyotumiwa kuzungumza juu ya neno "mwizi" ilikuwa dakika ambayo kitabu hakifunguliwi, na tulifurahi.

Kwa hiyo mtu yule alikosea au hakukosea? Alikosea kwa hesabu. Alimwonyesha kidole mtu mmoja, na vidole vilivyohitajiwa ni 14 zaidi. Na neno lake liliumiza mahali ambapo hakukusudia. Binti wa mweka hazina, wa darasa la tano, aliitwa "mtoto wa mwizi" pale penye mfereji wa maji katika nyumba za reli, akakataa kwenda shule kwa wiki mbili. Mtu atakayetuambia kwamba maneno ni upepo tu, tutampeleka kwa mtoto huyo. Ndiyo sababu hatuungi mkono wale wanaotaka kila mtu aseme apendavyo humu ndani. Mweka hazina amejiuzulu, na leo amekaa pale nyuma karibu na dirisha, na tunamshukuru kwa kuja.

Lakini vile vile yule ndugu wa genge hakuanza na tusi. Aliuliza mara mbili na kuandika mara moja, kwa lugha ambayo mwalimu wetu wa misheni angaliisifu. Neno baya lilikuja baada ya maneno mazuri kukosa jibu. Kama tungalimjibu mwezi wa tatu, leo angekuwa amekaa hapa na shati lake zima.

Basi tunaleta hoja, Bwana Mwenyekiti, na tumeiandika ili isigeuzwe. Mwanachama akiambiwa aondoe neno, na aliondoe, lakini atakachoondoa ni neno peke yake. Lalamiko lililokuwa chini ya neno hilo Katibu ataliandika katika kitabu cha kumbukumbu kwa maneno ya kawaida, na mkutano hautafungwa kabla halijajibiwa au kabla hawajachaguliwa watu watatu wa kulichungulia, wasio na kikaratasi cha deni. Tena swali lolote la fedha likiulizwa mikutano miwili bila jibu, katika mkutano wa tatu lisemwe kwanza kabla ya jambo jingine lolote, hata kabla ya salamu za wageni kutoka makao makuu. Na lile katazo tulilomwekea ndugu yetu wa genge liondolewe leo. Waende watu wawili mpaka kambini kwake, na mmoja wao awe miongoni mwa wale vijana waliomshika mikono.

Neno "mwizi" atakapokuja tutamwomba aliondoe mbele ya mweka hazina, na sisi tutamwomba mweka hazina akubali. Hatujui kama atakubali. Shati tutalinunua.

Shilingi 4,000 zetu ziko katika bahasha hii ya buluu. Majina mengine 13 yameandikwa katika ukurasa wa mwisho wa kitabu, na kitabu kiko pale mezani. Bwana Mwenyekiti, tunaomba yasomwe kabla ya chakula.